Homa ikishuka msimwache mgonjwa

Haya ni maneno niliyoongea kuhusu homa ya dengue kwenye mkutano wa mtaa huku Kibirizi, Kigoma. Wengi hawakuwepo, wengine walikuwa ziwani wengine sokoni, wakaomba yaandikwe wayasome kwenye simu, basi nimeandika karibu vile vile yalivyotoka mdomoni na maswali ya mwisho nimeyaweka pia.

Bwana mwenyekiti, wazee wangu shikamooni, mama zangu shikamooni, wadogo zangu wa bodaboda na wa mwaloni mambo vipi. Mwakeye nyote.

Najua nesi akisimama mnajua ni malaria na vyandarua. Malaria lazima niiguse, siwezi kusimama Kigoma nikaongelea homa halafu nikairuka, maana utafiti wa kitaifa wa 2017 ulitukuta sisi ndo tunaongoza nchi nzima, watoto wa chini ya miaka mitano kama 24 kwenye kila 100 walikuwa na vimelea kwenye damu, na walipopima tena 2022 majirani zetu wa Tabora ndo wakawa juu. Kwa hiyo hii tabia yetu ya kuita kila homa malaria ina sababu yake, tumezaliwa tukaikuta, bibi zetu walikuwa wanaijua homa moja tu na wakawa sahihi mara nyingi. Ila mimi leo nimekuja kuongelea zile mara ambazo siyo malaria, maana huko ndo mgonjwa anapotuponyoka na sisi tumekaa naye chumba kimoja.

Naongelea dengue, wengine mnaiita kidingapopo. Ni kirusi, kinabebwa na mbu, na siyo yule mbu wa malaria. Dar es Salaam imeipata mara nyingi, 2010 ilikuwepo, 2014 ilikuwepo na ikaua, 2019 ndo ikawa kubwa kuliko zote, wagonjwa zaidi ya 6,000, Dar na Tanga ndo ziliumia zaidi. Na ndugu yake chikungunya, ambayo inaenezwa na mbu huyo huyo, iligundulika mara ya kwanza duniani hapa hapa nchini kwetu, kule Newala kwa Wamakonde, mwaka 1952. Kwa hiyo msiseme haya ni magonjwa ya nchi za watu.

Mtaniambia Dar ni mbali. Ni mbali kweli, lakini hebu fikirieni hivi. Mtu akiumwa na mbu mwenye kirusi anakaa siku 4 mpaka 10 yuko mzima kabisa, anakula, anacheka, anapanda treni pale Dar, anafika mwisho wa reli, anashuka na mizigo yake, anasalimia ndugu, na siku mbili tatu baadae ndo homa inamlipukia akiwa kwenu Mwanga au Gungu au hapa hapa Kibirizi. Kirusi kimesafiri na tiketi yake. Halafu mbu wa huku akimuuma huyo mgonjwa, baada ya wiki moja na kitu huyo mbu naye anaanza kuambukiza, na ataambukiza mpaka afe. Hauambukizwi kwa kushikana mikono wala kwa kula sahani moja, kwa hiyo msije mkamtenga mtu, ni mbu ndo anayebeba.

Sasa nataka niwapitishe siku kwa siku, na naomba mnisikilize hapa kuliko pengine pote.

Tuseme kuna kijana. Jumatatu asubuhi alikuwa mzima, jioni homa imempanda ghafla, 39, 40, anatetemeka. Kichwa kinamuuma na hasa huku nyuma ya macho, akizungusha macho anasikia kama yanavutwa. Mgongo, misuli, viungo, vyote vinauma mpaka hataki kugeuka kitandani. Kichefuchefu. Chakula hakipiti. Wengine baada ya siku chache wanatoka vipele au ngozi inakuwa nyekundu, kwetu sisi weusi havionekani vizuri kwa hiyo usisubiri vipele ndo uamini, wengi wala hawatoki.

Ukiniuliza hiyo ina tofauti gani na malaria kwa kuangalia tu kwa macho, nitakwambia ukweli, siku ya kwanza na ya pili huwezi kujua, hata daktari hawezi kujua kwa kukuangalia. Kwa hiyo cha kwanza ni kupima malaria. Narudia, pima malaria kwanza, msiondoke hapa mkasema nesi kasema malaria imeisha. Ukikutwa nayo unatibiwa, unamaliza dozi yako ya mseto yote. Lakini mseto sio kinga ya dengue, mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja, na kile kipimo cha haraka cha kutoboa kidole kinaweza kuendelea kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya wewe kutibiwa ukapona. Kwa hiyo hata kama kipimo kimesema malaria, hizi dalili mbaya nitakazozitaja mbele bado unaziangalia.

Na kama kipimo kimesema hakuna? Hapa ndo pananiuma. Mtu anaambiwa huna malaria, badala ya kushukuru anakasirika, anasema kipimo kibovu, anaenda duka la dawa ananunua mseto anameza hivyo hivyo. Haijapoa, anaambiwa basi una taifodi na UTI, hayo mawili siku hizi kila mtu anayo, anaanzishiwa antibayotiki, na antibayotiki haigusi kirusi hata kidogo. Bado viungo vinauma, anachomwa sindano ya diklofenaki. Mpaka Alhamisi huyo kijana ana dawa tatu mwilini na hakuna hata moja inayotibu alichonacho na moja wapo inamwongezea hatari.

Hiyo ya hatari ni ile ya maumivu. Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, Diclopar, Brufen, hizi zote kwenye homa ambayo hujajua kama ni dengue ziache. Kwenye dengue zile chembe sahani za kugandisha damu zinashuka, na hizi dawa zenyewe zinaifanya damu isigande vizuri na zinachubua tumbo, kwa hiyo ukiweka vitu hivyo viwili pamoja unamfungulia mgonjwa mlango wa kutoka damu. Na ile sindano ya kwenye tako yenyewe inaweza kumvujisha damu kwenye msuli. Dawa ya homa na maumivu hapa ni parasetamo peke yake, mtu mzima vidonge 2 vya miligramu 500, usirudie mpaka yapite masaa 6, isizidi vidonge 8 kwa siku nzima, na mtoto anapewa kwa uzito wake sio kwa kukadiria, ulizeni. Halafu angalieni zile dawa za mafua za kuchanganya, nyingi zina parasetamo ndani tayari, mtu anameza zote anazidisha bila kujua na ini ndo linaumia. Naongea na nyie wenye maduka ya dawa pia, nimewaona mko hapo nyuma, nawaheshimu sana maana nyie ndo wa kwanza kumwona mgonjwa kabla yetu, naomba mtu akija na homa anataka diklofenaki mpeni parasetamo na mwambieni akapime.

Haya, turudi kwa kijana wetu. Ijumaa asubuhi anaamka homa imeshuka. Mwili wa baridi. Nyumba nzima inafurahi, mama anasema mwanangu kapona, kila mtu anaenda kwenye shughuli zake, anaachwa peke yake na chupa ya chai.

Jamani. Kwenye dengue siku hiyo ndo ya kumkalia karibu kuliko zote. Homa yenyewe inakaa siku 2 mpaka 7, na kwa wale wachache ambao itakuwa kali, ukali unaanza pale pale homa inaposhuka, kwenye yale masaa 24 mpaka 48 ya mbele. Kinachotokea ni kwamba mishipa midogo ya damu inaanza kuvuja, kama mtumbwi ulioachia kalafati, tofauti ni kwamba maji yanatoka badala ya kuingia, yanatoka kwenye damu yanaenda kukaa tumboni na kwenye kifua, damu inayobaki inakuwa nzito na chache, presha inaanguka. Mgonjwa hana homa. Mkono wa baridi. Anaongea na wewe vizuri tu. Na ndani anaisha.

Kwa hiyo ukimwona ana maumivu makali ya tumbo, tumbo lenyewe siyo lile la njaa, linauma halikatiki, au anatapika mara kwa mara hakiwezi kukaa kitu, au fizi au pua zinatoka damu, au katapika damu au choo kimekuwa cheusi kama lami, au mwanamke hedhi imekuja siyo wakati wake na inatoka sana, au anapumua haraka haraka, au kawa mlegevu hataki hata kukaa, au kinyume chake kawa hatulii anahangaika hangaika tu, au mikono na miguu imekuwa ya baridi na ngozi inamtoka jasho, kiu haiishi, hapo usisubiri kesho, usisubiri baba arudi kutoka ziwani, mchukueni hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku. Na kuna moja rahisi ambayo kila mama anaweza kuifuatilia bila kipimo chochote, mkojo. Kama masaa 6 yamepita hajakojoa, huyo hana maji ya kutosha kwenye mishipa, mpelekeni.

Msiogope kupita kiasi. Watu wengi wanaoingiwa na hiki kirusi hata hawajui, wanne wakiambukizwa anaumwa kama mmoja, na katika hao wanaoumwa wengi wanapona nyumbani. Na hata ile kali, akiwahi akasimamiwa vizuri vifo vinashuka chini ya mmoja kwa 100. Ila neno lenyewe ni hilo, akiwahi. Mtu wa Kibirizi kufika Maweni hospitali ya mkoa siyo safari, kinachotuchelewesha sisi ni kuona homa haipo tukasema yamekwisha. Na aliyewahi kuumwa dengue asijione ana kinga ya yote, virusi vyake viko vya aina 4, ukipona aina moja hiyo haikurudii lakini zingine tatu zinaweza kukupata, na ile ya pili ndo mara nyingi inakuja kwa ukali.

Dawa ya kukiua kirusi chenyewe haipo. Kinachotibu ni maji na macho ya mtu anayekuangalia. Nyumbani mgonjwa anywe, mtu mzima afike kama lita 2 na nusu kwa siku, kidogo kidogo asilazimishwe kikombe kizima akatapika. Maji matupu peke yake siyo mazuri, changanya na ORS, uji mwepesi, supu ya migebuka, juisi ya embe. Juisi ya rozela na chochote chekundu muache kwa siku hizi, kwa sababu akitapika hutajua ni juisi au ni damu. Apumzike kweli, asipande bodaboda kwenda kutafuta hela. Na alale ndani ya chandarua mchana, siyo kwa ajili yake tu ni kwa ajili ya nyie mnaokaa naye, maana siku zile za homa ndo damu yake imejaa kirusi na mbu wa mchana wanakisubiri.

Hospitali msilazimishe dripu. Najua mtu hajisikii katibiwa mpaka aning'inizwe chupa. Kwenye dengue dripu inapimwa kwa masaa, akipungukiwa ni shida na akizidishiwa ni shida, kwa sababu baada ya siku moja au mbili yale maji yaliyovuja yanarudi yenyewe kwenye mishipa na kama ulimjaza sana yanaenda kwenye mapafu. Daktari akisema kunywa, kunywa. Vipimo vya dengue kuna kile cha kuangalia kirusi chenyewe, kinafanya kazi vizuri siku tano za mwanzo, na kuna cha kuangalia kinga ambacho kinaanza kuonyesha baadae. Kama kituoni hakipo mtoa huduma bado ana kazi ya kufanya, anaweza kukufunga ule mkanda wa presha mkononi kwa dakika 5 akahesabu vidoa vidogo vyekundu vinavyotokea, na wingi wa damu unapimwa. Hakuna sababu ya kurudishwa nyumbani bila maelezo eti kwa sababu kipimo hakipo, uliza, ni haki yako, nirudi lini, niangalie nini.

Sasa mbu.

Huyu ni mweusi ana madoa meupe, miguu ina pete nyeupe, hapigi kelele nyingi, anauma chini huku kwenye kifundo cha mguu na nyuma ya goti. Anauma mchana, hasa asubuhi kuanzia saa moja mpaka saa tatu na jioni kabla jua halijazama. Chandarua chenu cha usiku endeleeni nacho kwa malaria lakini huyu mtakutana naye mkiwa macho, watoto wakiwa darasani, mama akiwa anaanika dagaa. Anayelala mchana, mtoto mchanga hasa, awekwe kwenye neti.

Na huyu hazalii kwenye dimbwi la matope wala kwenye ziwa. Msinionyeshe Tanganyika. Anazalia kwenye maji yaliyotulia kwenye chombo, na tena maji masafi masafi, yaani yale ya kwako uliyoyahifadhi. Pipa la maji la nyuma ya nyumba. Ndoo isiyo na mfuniko. Dumu la mawese lililokatwa juu. Tairi. Kopo, kifuu, sahani ya chini ya ua. Na hapa kwetu mwaloni kuna kitu ambacho mtu wa Dar hana, ile mitumbwi mibovu iliyovutwa juu mchangani ikaachwa, mvua zinaanza mwezi wa kumi na moja inajaa maji, inakaa hivyo mpaka mwezi wa nne, wa tano. Nimepita pale nikachungulia, viluwiluwi vinacheza. Mtumbwi mmoja unalisha mtaa mzima, na huyu mbu haruki mbali, mita mia chache tu, kwa hiyo anayekuuma wewe alizaliwa kwako au kwa jirani yako.

Kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni wiki moja mpaka siku 10 hivi. Ndo maana tunasema mara moja kwa wiki. Lakini kumwaga tu haitoshi, na hili watu wengi hawalijui. Yai lake analigandisha kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na likikauka halifi, linaweza kukaa kavu miezi na miezi, siku ukijaza maji tena linaanguliwa. Kwa hiyo unamwaga halafu unasugua kuta kwa brashi au kwa mchanga na sabuni, kisha unafunika. Pipa kubwa ambalo huwezi kumwaga maana maji yenyewe ni ya kutafuta, funika na kitambaa kizito, kanga ya zamani ikikunjwa mara mbili inatosha, kaza na mpira wa tyubu ya baiskeli pasibaki upenyo. Tairi litobolewe maji yatoke au lijazwe udongo. Mtumbwi upinduliwe, na kama haupinduliki toboa chini, kama mwenyewe hautaki tena ukatwe kuni.

Maswali yalikuwa mengi, naandika haya matatu. Mzee mmoja aliuliza majani ya mpapai. Mzee wangu, nimesikia watu wakisema yanapandisha chembe sahani, ushahidi wa kutosha wa kuyategemea haujapatikana, na ninachokiogopa ni mtu anakunywa majani siku ile ya Ijumaa badala ya kwenda hospitali. Kama zile dalili zipo, majani yasikuchelewesheni.

Kijana anayefanya biashara Kalemie, ng'ambo ya ziwa kule Kongo, aliuliza kama kadi yake ya njano inamkinga. Hapana mdogo wangu, ile ni chanjo ya homa ya manjano tu, hiyo ukichanjwa mara moja inatosha maisha yako yote, lakini dengue na chikungunya haizigusi. Na huyu akaunganisha swali, chikungunya ataijuaje. Mwanzo zinafanana, ila chikungunya inashika viungo kwa nguvu zaidi, vidole, vifundo, magoti, na maumivu yanaweza kukaa miezi mtu anatembea kapinda. Mpaka ijulikane siyo dengue, dawa ni parasetamo ile ile.

Dada mmoja mjamzito akauliza yeye afanye nini. Wewe, na mtoto mchanga, na mzee, na mwenye kisukari, na mwenye sikoseli, nyie msisubiri dalili mbaya. Homa siku ya kwanza njoo kituoni, na kama uko karibu kujifungua waambie mapema una homa, maana damu inaweza kutoka sana wakati wa kujifungua na mtoto anaweza kuupata kutoka kwako. Usinunue dawa yoyote njiani. Na mkiona kwenye mtaa watu wengi wana homa kwa pamoja na vipimo vya malaria havioni kitu, mwambieni mhudumu wa afya ngazi ya jamii au pigeni 199 ya Wizara, ni bure.

Tumekubaliana na mwenyekiti Jumamosi saa moja asubuhi tukutane pale mwaloni, tunaanza na mitumbwi halafu tunapanda juu kwenye gereji na matairi, kila nyumba itoe mtu mmoja. Mje na brashi ngumu na ndoo, mwenye msumeno au nyundo na msumari mkubwa wa kutobolea aje navyo, na wenye mitumbwi yenu pale mje wenyewe mseme upi unapinduliwa na upi unakatwa.